Gita lenye tremolo inayoelea: nyuzi za 9, 10 au 11 mkishusha nusu toni?

rithimu_solo

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaolijua gita kwa undani.

Gita ni la umeme, aina ya Stratocaster. Urefu wa uzi kutoka nati ya kichwani (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi) hadi daraja ni inchi 25.5, daraja ni lile la skurubu sita mbele, na nyuma kuna springi tatu. Lilikuja na seti ya 9-42 (unene wa uzi mwembamba kabisa na mnene kabisa, kwa elfu za inchi) na tremolo, yaani daraja linalosogezwa kwa mkono kuyumbisha sauti, ilikuwa inaelea vizuri tu. Bendi inapiga nusu toni chini (Eb, yaani kila uzi unashushwa kutoka E ya kawaida) kwa ajili ya mwimbaji. Ukishusha hizo 9 zinalegea mno. Uzi wa sita (mnene kuliko wote) unanguruma kwenye freti (vyuma vya kukingama shingoni), na ukiuchapa kwa nguvu sauti inaruka juu kidogo kabla ya kutulia.

Nimefunga 10-46. Sasa daraja limeinuka nyuma karibu milimita 5, nyuzi zimekaa juu sana, na kila nikityuni uzi mmoja mingine inashuka. Nikifika E ya juu, ya chini imeshatoka zamani.

Je, nirudi kwenye 9? Niende 11? Niongeze springi? Na kwa nini magita yasiyo na tremolo hayana usumbufu huu?

---

fundi_nati

Mkuu, 10 umechagua vizuri. Tatizo ni kwamba ulibadilisha nyuzi ukaacha springi kama zilivyokuwa.

Daraja linaloelea ni mizani. Nyuzi zinalivuta kwenda mbele, springi zinalivuta kurudi nyuma, na linasimama pale nguvu mbili zinapolingana. Kwenye gita la daraja lililofungwa, mbao ndiyo inayobeba ziada yote, ndiyo maana huko unabadilisha seti na kuendelea kupiga. Hapa ukigusa upande mmoja, upande wa pili lazima ufuate. Hiyo ndiyo sababu ya nyuzi nyingine kushuka unapokaza mmoja: huo mmoja umelivuta daraja mbele, na tano zilizobaki zimelegea kidogo.

Hesabu ni hizi, kwa inchi 25.5, jumla ya mvuto wa nyuzi zote sita (tofauti za kampuni ni ndogo):

9-42 ikiwa E ya kawaida: karibu kilo 38. Nusu toni chini: 34.
10-46 ikiwa E ya kawaida: karibu kilo 47. Nusu toni chini: 42.
11-49 ikiwa E ya kawaida: karibu kilo 54. Nusu toni chini: 48.

Kushusha nusu toni kunapunguza mvuto kwa asilimia 11 hivi. Toni nzima, asilimia 21. Springi zako zilipangwa kwa kilo 38, wewe umezipelekea 42, basi daraja likainama mbele. Ukiirudisha seti hiyohiyo ya 10 kwenye E ya kawaida, litainama zaidi.

Kwa hiyo anza na mkono wako. Uliupenda ugumu wa 9 zilipokuwa E ya kawaida? Basi seti ya 9.5-44 ukiishusha nusu toni inatua karibu kilo 37, yaani karibu palepale, na daraja utaligusa kidogo sana. Unataka uzi ukaze zaidi ya hapo, hasa chini? 10-46, kilo 42. Unapiga rithimu nzito na umezoea 10 kwenye E ya kawaida? 11 nusu toni chini inakupa 48 dhidi ya 47, mkono hautaona tofauti. Stevie Ray Vaughan, mpiga gita wa bluzi wa Marekani, anayesifiwa kwa nyuzi za 13 naye alikuwa ameshusha nusu toni, jambo ambalo wanaomwiga mara nyingi hulisahau.

Kwa maelezo yako, baki na 10. Springi ya nne ya nini? Tatu zinabeba hata kilo 47 bila shida. Utahitaji ya nne ukifika 11 kwenye E ya kawaida, au pale bati la kucha (lile linaloshika springi ndani ya shimo la nyuma) litakapokuwa limekazwa hadi kugusa mbao na daraja bado limeinuka.

Ukiwa na gita la inchi 24.75 toa asilimia 6 kwenye hesabu zote hizo. Ndiyo maana 10 kwenye gita fupi zinalainika kidoleni kuliko 10 za Stratocaster.

---

Kucha_Tano

Hesabu sawa kabisa. Naongeza namna ya kulipanga bila kuzunguka na tyuna saa nzima, maana wengi hapo ndipo wanapokata tamaa na kulifunga daraja kwa kipande cha mbao.

Tafuta kadi nne za benki zilizokwisha muda. Kila moja ina unene wa milimita 0.76, nne zinakupa milimita 3, ambayo ndiyo nafasi inayopendekezwa nyuma ya daraja la namna hii (inchi 1/8). Kisha:

Fungua mfuniko wa nyuma. Legeza nyuzi za zamani zote. Kwa bisibisi ya nyota kaza skurubu mbili za bati la kucha, mzunguko mmoja mmoja kwa zamu, ili springi zilibane daraja kwa nguvu kuliko litakavyohitaji. Ingiza kadi nne chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Sasa daraja limekaa juu ya kadi na haliwezi kushuka zaidi.

Funga nyuzi mpya, ukityuni moja kwa moja hadi Eb Ab Db Gb Bb Eb. Hapa ndipo uzuri wa njia hii: daraja halisogei, kwa hiyo unatyuni kama gita lisilo na tremolo. Vuta kila uzi kwa mkono juu ya freti ya 12, tyuni tena, vuta tena, hadi usishuke. Usiruke hatua hii. Uzi mpya usiovutwa utakudanganya kwamba springi ndizo zimekosea.

Kadi zikianza kucheza zenyewe kabla hujamaliza kutyuni, maana yake springi bado ni dhaifu. Simama, kaza kucha, endelea.

Nyuzi zikishatulia, anza kulegeza skurubu za kucha robo mzunguko, kushoto kisha kulia, huku unasukuma kadi kwa kidole. Zikitoka kwa ulaini bila daraja kuanguka, umefika. Angalia tyuna. Ikiwa sauti haijabadilika, mizani imekubali. Ikiwa nyuzi zote zimeshuka pamoja, umelegeza kupita kiasi na daraja limeinama mbele. Rudisha robo mzunguko. Kazi nzima ni kama dakika ishirini.

Jambo moja kuhusu zile skurubu sita za mbele. Vichwa vyake visilibane bati la daraja. Mbili za pembeni ndizo zibebe kazi, nne za kati ziwe juu kidogo bila kugusa. Zikibana, daraja linakwama njiani na hutapata tyuni hata kwa seti ya dhahabu.

---

pwani440

Nakubaliana na kadi. Ila baada ya hapo msimwache mwenzetu njiani, maana 10 hazivuti daraja peke yake, zinavuta na shingo.

Mfuatano ni shingo, kimo cha nyuzi juu ya freti, kisha urefu wa kila uzi kwenye sadeli. Ukianza na mwisho utarudia.

Shingo: bana uzi wa sita kwenye freti ya 1 na ile ya mwisho kabisa, angalia nafasi kati ya uzi na kichwa cha freti ya 7 au 8. Iwe karibu milimita 0.25. Ikiwa zaidi, kaza chuma cha shingoni robo mzunguko tu, tyuni, pima tena. Ukihisi kinagoma, usilazimishe, mpelekee fundi.

Kimo: kwenye freti ya 17, kutoka kichwa cha freti hadi chini ya uzi, milimita 1.6 pande zote mbili ni mwanzo mzuri kwa shingo za kisasa. Shingo za zamani zenye mviringo mkali (inchi 7.25) upande wa besi uwe 2, la sivyo ukibendi (ukivuta uzi pembeni kupandisha sauti) juu ya shingo uzi unakufa.

Sadeli, vile vipande sita vinavyobeba nyuzi: linganisha sauti ya hamoniki (uzi ukiguswa tu bila kubanwa) ya freti ya 12 na ya uzi uliobanwa palepale. Uliobanwa ukiwa juu, rudisha sadeli nyuma, mbali na shingo. Ukiwa chini, isogeze mbele. Tyuni upya kila unapoigusa. Kutoka 9 kwenda 10 sadeli za uzi wa tano na wa sita mara nyingi hurudi nyuma kidogo.

Na kwa tulio pwani: hewa ya chumvi inazila nyuzi wazi haraka. Uzi wenye kutu unakwaruza kwenye nati na sadeli, tremolo inaonekana mbovu kumbe ni kutu. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, chini ya nyuzi pia.

---

rithimu_solo

Wakuu, uzi huu wa nyuzi umenifaa sana. Kadi zimefanya kazi, daraja limekaa milimita 3. Limebaki jambo moja. Nikisukuma mkono wa tremolo chini na kuuachia, uzi wa sita na wa tano vinarudi juu kidogo kuliko mwanzo. Nikibendi uzi wa tatu unarudi chini. Na wakati wa kutyuni nasikia mlio wa "ting" kule kichwani. Springi tena?

---

fundi_nati

Hapana, hiyo ni nati. Mlio huo ni uzi unaokwama kwenye mfereji kisha unachomoka ghafla.

Dalili zako zinajieleza. Ukisukuma tremolo chini, uzi unalegea upande wa daraja na sehemu yake inateleza kupita nati kuelekea kichwani. Ukiachia, sehemu hiyo inatakiwa irudi. Ikikwama huko, upande unaopigwa umebaki na uzi mfupi, basi sauti inapanda. Kubendi ni kinyume: unauvuta uzi kutoka kichwani, ukiachia haurudi, sauti inashuka. Kukwama ni kule kule, upande tu ndio umebadilika. Laiti ingekuwa springi, nyuzi zote sita zingekosea kwa pamoja na upande mmoja.

Kwa nini sasa na si zamani? Mfereji ulikatwa kwa 42, wewe umeweka 46: nyongeza ya milimita 0.1. Wa tano umetoka 32 kwenda 36, vilevile. Uzi wa nne na wa tatu vimeongezeka kidogo sana, kwa hiyo hapo huenda ni ukavu tu.

Anza na rahisi: legeza uzi, utoe pembeni, paka mfereji kwa penseli ya 2B hadi unga mweusi ujae, rudisha. Fanya hivyohivyo chini ya kile kibati kinachoshikilia nyuzi za kwanza na pili kule kichwani. Uzi wa tatu kwa kawaida unapona hapo.

Wa tano na wa sita vikiendelea, mfereji upanuliwe. Faili za nati ndizo zenyewe, pana kuliko uzi kwa milimita 0.05 hadi 0.08. Kama huna, na nati ni ya plastiki, kipande cha uzi mkuukuu wa 46 uliosokotwa kinasugua taratibu kama msumeno. Sugua kuta, si chini. Ukichimba chini uzi utagusa freti ya kwanza na hapo ni nati mpya. Kipimo: bana uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, juu ya freti ya 1 pabaki nafasi ya kupitisha karatasi moja.

Hesabu pia mizunguko kwenye vigingi vya kukazia. Miwili kwa nyuzi nene, mitatu kwa nyembamba, yote ikishuka kwa mpangilio. Mizunguko sita iliyopandiana ni springi nyingine uliyojiwekea kichwani bila kujua.

---

Kucha_Tano

Kabla hujamaliza, usihangaike na kitu kisicho ugonjwa. Ukiisukuma tremolo chini huku kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) inalia, kodi itaharibika, na uzi wa tatu utashuka kuliko wa kwanza. Ni kawaida. Uzi wa 17 na uzi wa 10 vinavutwa kwa nguvu karibu sawa (kilo 7 na kitu kila mmoja kwenye E ya kawaida), lakini chuma cha 17 ni kingi karibu mara tatu, kwa hiyo daraja likisogea kiasi kilekile sauti yake inayumba karibu mara tatu. Kwenda 9 au 11 hakubadilishi hilo, maana uwiano ni uleule. Seti nene zaidi inabadilisha nguvu unayotumia, si umbali wa kidole unapobendi.

Kuhusu springi nina mtazamo tofauti kidogo na fundi_nati. Tatu zinatosha kubeba, kweli. Lakini ukiweka nne au tano ukalegeza kucha hadi mizani irudi palepale, mfumo mzima unakuwa mgumu zaidi: ukibendi uzi mmoja, daraja linasogea kidogo na nyuzi nyingine hazishuki sana. Gharama yake ni mkono wa tremolo mzito. Kwa mpigaji wa rithimu anayetikisa kidogo tu mwisho wa wimbo, nachukua nne. Kwa anayepiga mawimbi laini ya tremolo, tatu.

---

fundi_nati

Sina ubishi hapo. Ila wale wanaoinamisha bati la kucha, upande wa besi ukazwe zaidi kwa sababu nyuzi nene zinavuta zaidi: ni kweli kwenye 10-46 tatu za chini ni kilo 25 na za juu 22, na kwenye seti mseto ya 9-46 tofauti ni 25 kwa 18. Lakini daraja ni bati moja gumu, haliwezi kujipinda upande. Kuinamisha hakudhuru, faida yake ndiyo ndogo kuliko inavyosemwa.

---

mi_solo

Wakuu samahani kwa kudandia. Napiga ile gita ya tatu ya mtindo wa Kongo, uzi wa nne tunauondoa na kuweka mwembamba uliotyuniwa oktavi moja juu. Kwenye gita lisilo na tremolo sina tatizo. Kwenye Strat inayoelea nikiweka uzi wa 10 pale, daraja linazama na nyuzi zote zinapanda. Nifanye nini kabla ya kukaza kucha upya?

---

pwani440

Badilisha unene wa uzi huo, kucha iache.

Kwenye seti ya 10-46 uzi wa nne ni 26 uliosokotwa, na unavuta kilo 8.3 ukiwa D ya kawaida. Uzi mtupu (usiosokotwa) wa 10 kwenye D ya oktavi ya juu unavuta 5.8 tu, ndiyo maana daraja linazama: umeondoa kilo mbili na nusu upande mmoja wa mizani. Wa 11 unafika kilo 7. Wa 12 unafika 8.4, karibu sawa kabisa na ule wa 26. Nunua 12 moja moja na daraja halitajua kwamba kuna kilichobadilika. Ukishusha nusu toni uwiano unabaki huohuo, kwa hiyo jibu ni hilohilo.

Mambo mawili ya kurekebisha. Sadeli ya uzi huo isogee mbele kuelekea shingoni, kwa kuwa uzi mtupu mwembamba hauhitaji urefu wa ziada kama uliosokotwa. Na mfereji wa nati uliokatwa kwa 26 una upana wa zaidi ya milimita 0.66, uzi wa 12 una 0.30 tu, utacheza humo na kunguruma. Kama gita hilo ni la kazi hiyo moja, kata nati yake. Kama unabadilisha badilisha, weka ukanda mwembamba wa plastiki ukutani mwa mfereji, upande wa uzi wa tano, ili uzi ukae palepale kila mara.

---

rithimu_solo

Penseli imemaliza uzi wa tatu. Wa tano na wa sita nimesugua kwa uzi mkuukuu, "ting" imekwisha, tremolo inarudi. Swali dogo la mwisho: wikendi kuna shoo ya kupiga E ya kawaida. Nikipandisha nusu toni tu kwa siku hiyo?

---

Kucha_Tano

Utatoka 42 kwenda 47, daraja litainuka tena. Au beba gita la pili, au kwa shoo hiyo weka seti ya 9.5-44 kwenye E ya kawaida: inavuta kilo 41 hivi, daraja litabaki karibu lilipo. Kama huna muda wa lolote, kaza kucha hadi daraja likae juu ya mbao kabisa. Tremolo itashuka tu, haitapanda, lakini utaweza kutyuni jukwaani bila kadi. Pima kimo cha nyuzi baada ya kulishusha. Litakapolala, nyuzi nazo zinashuka, na huenda ukahitaji kupandisha sadeli nusu mzunguko.